Dawa Inayojua Inakokwenda: Rekodi za Beni na Butembo

Muulize mtu wa Goma au Kampala habari za Beni, atakutajia mapanga, waasi wa ADF na barabara zisizopitika. Muulize habari za Butembo, atakutajia wafanyabiashara wanaoshusha makontena kutoka Dubai na China. Ni wachache watakaokwambia kwamba dawa za kwanza kuthibitika kuitibu Ebola zilipimwa katika miji hii miwili na viunga vyake, vita vikiendelea, kwa muda usiofika miezi tisa. Rekodi za utabibu tumezoea kuzipokea kutoka Boston na Geneva zikiwa na majina ya watu wa huko. Hizi zimezaliwa Kivu ya Kaskazini, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, na naona ni haki tuzihesabu sisi wenyewe.

Wazo lenyewe ni kongwe. Dawa nyingi tunazotumia husambaa mwili mzima: zinaupiga ugonjwa, na njiani zinalipiga tumbo, figo na ini. Mwanzoni mwa karne ya 20 Mjerumani Paul Ehrlich alifikiria dawa ambayo ingempata adui peke yake na kuwaacha wengine salama. Aliiita risasi ya ajabu, na mwaka 1910 Salvarsan yake ya kutibu kaswende ikaanza kuuzwa. Mwaka 1975, mjini Cambridge, Georges Köhler na César Milstein walipata njia ya kuzalisha kwa wingi kingamwili za aina moja tupu, kila moja ikishika kitu kimoja na kupita vingine vyote. Hawakuiwekea hataza ugunduzi wao, na mwaka 1984 wakapewa Nobel. Dawa ya kwanza ya namna hiyo iliidhinishwa Marekani mwaka 1986 kwa watu waliopandikizwa figo, na kwa miaka mingi dawa hizi zilibaki za saratani, za viungo na za nchi zenye pesa. Kwamba risasi ya ajabu ingekuja kupata moja ya ushindi wake mkubwa Beni, mahali ambapo risasi za kawaida zinalia usiku, nadhani hata Ehrlich asingelibuni.

Mlipuko mkubwa kuliko yote Kongo

Tarehe 24 Julai 2018 serikali ilitangaza kwamba Ebola ya mkoa wa Équateur imekwisha. Tarehe 1 Agosti, hata majirani hawajamaliza kupongezana, ikatangazwa nyingine, ya kumi katika historia ya nchi. Hii ilijitokeza Mangina, mwendo wa kilometa 30 hivi kutoka Beni. Ilipofungwa rasmi tarehe 25 Juni 2020 ilikuwa imewapata watu 3,470 na kuwaua 2,287. Duniani kote ni ile ya Afrika Magharibi ya 2014 hadi 2016 peke yake iliyoizidi.

Ilikuwa pia Ebola iliyozuka katikati ya vita. Raia wa Beni walikuwa wakichinjwa tangu 2014. Kisha Desemba 2018 wakazi wa Beni na Butembo wakaambiwa hawatapiga kura ya urais pamoja na wenzao, sababu ikitajwa kuwa Ebola na usalama, na walipopangiwa kupiga Machi rais mpya alikuwa ameshaapishwa. Ndipo wengi walipokata shauri kwamba huu si ugonjwa, ni siasa, na kwamba magari meupe ya Riposte, yaani kikosi cha kupambana na Ebola, yamekuja kufanya biashara. Kituo cha matibabu cha Katwa, eneo la Butembo, kilichomwa tarehe 24 Februari 2019, na siku tatu baadaye kile cha Butembo kikashambuliwa. Tarehe 19 Aprili Dk. Richard Mouzoko, Mkameruni aliyekuwa akifanya kazi na Shirika la Afya Duniani, alipigwa risasi na kuuawa katika hospitali ya Chuo Kikuu cha Graben, Butembo. Katika mazingira hayo ndiyo sayansi ilikuwa inaomba watu waiamini.

Jaribio la kwanza la aina yake

Tangu Agosti 2018 wagonjwa walikuwa wakipewa dawa ambazo hazijathibitishwa, kwa ruhusa ya dharura. Moja yao, mAb114, ilipewa mgonjwa wa Ebola kwa mara ya kwanza duniani katika mlipuko huu huu, mwezi huo huo. Lakini dawa inayotolewa kwa ruhusa ya dharura haimfundishi mtu kitu. Mgonjwa akipona, inasifiwa dawa; akifa, unalaumiwa ugonjwa. Afrika Magharibi walikuwa wamejaribu kuipima dawa ya ZMapp kwa utaratibu, wakapata wagonjwa 72 tu, na mlipuko ukafifia kabla jibu halijapatikana.

Tarehe 20 Novemba 2018 likaanza jaribio lililopewa jina la Kiswahili, Pamoja Tulinde Maisha, kwa kifupi PALM. Walioliongoza ni Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Kibayolojia na Tiba ya Kinshasa, INRB, chini ya Profesa Jean-Jacques Muyembe-Tamfum, pamoja na Taasisi za Afya za Taifa za Marekani. Dawa zilikuwa nne: tatu za kingamwili, yaani ZMapp, mAb114 na REGN-EB3, pamoja na remdesivir. Vituo vilikuwa vinne pia: Beni, Mangina, Butembo na Katwa. Kura ndiyo iliyoamua nani apate ipi. Daktari hakuchagua, na mwenye mjomba serikalini hakupendelewa.

Jambo moja ningependa lisipite hivi hivi. Majaribio mengi ya dawa huwaacha nje wajawazito na watoto wachanga, kisha dawa ikitoka hakuna ajuaye kama inawafaa. Beni na Butembo walipokelewa wote: kichanga cha siku chache, mama mwenye mimba, mzee. Watu 681 waliingia, kabla hata mwaka haujatimia. Wanaosema kwamba watu wa huku walikataa tiba waiangalie hiyo namba kwanza, halafu waangalie kalenda ya mashambulizi, halafu waseme tena.

Tarehe 9 Agosti 2019 kamati huru ya usalama ilikaa na takwimu za wagonjwa 499 na kupendekeza dawa mbili zisitolewe tena, kwa sababu nyingine mbili zilikuwa zimeziacha mbali mno. Hesabu kamili ilipofungwa ikawa hivi: waliopewa REGN-EB3 walikufa 52 kati ya 155, asilimia 33.5; waliopewa mAb114 walikufa 61 kati ya 174, asilimia 35.1. Kwa ZMapp ilikuwa asilimia 49.7, na kwa remdesivir 53.1. Kwa wale waliofika virusi vikiwa bado vichache damuni, vifo vilishuka hadi asilimia 11.2 kwa REGN-EB3 na 9.9 kwa mAb114. Huu ni ugonjwa ambao katika mlipuko huo huo uliua karibu theluthi mbili ya wote uliowapata. Tarehe 12 Agosti Muyembe akatangaza kwamba kuanzia siku hiyo hawatasema tena Ebola haina tiba.

Marekani iliidhinisha REGN-EB3 kwa jina la Inmazeb tarehe 14 Oktoba 2020. Hiyo ndiyo dawa ya kwanza kabisa ya Ebola kupata kibali. mAb114 ikafuata tarehe 21 Desemba kwa jina la Ebanga.

Safari ndefu kuliko zote

Katika hizo mbili, mimi moyo wangu uko kwa Ebanga, na sababu ni Kikwit.

Mwaka 1995 Ebola iliingia Kikwit, magharibi ya nchi, ikaua zaidi ya watu 240. Muyembe, ambaye mwaka 1976 alikwenda Yambuku wakati ugonjwa huu haujapata hata jina, alikuwa Kikwit pia. Yeye na wenzake walichukua damu ya watu waliopona wakawaongezea wagonjwa 8. Saba walipona. Wataalamu wa nje hawakushawishika: wagonjwa ni wachache mno, walisema, na hakuna wa kulinganisha nao. Kisayansi walikuwa na haki. Lakini wazo halikufa.

Miaka 11 baadaye, mwaka 2006, mtu mmoja aliyepona Kikwit alitoa damu, na ndani yake bado zilikuwamo kingamwili za Ebola. Mwili ulikuwa haujasahau. Damu ile ilichunguzwa katika maabara ya Nancy Sullivan huko Bethesda, Marekani, pamoja na kundi la Davide Corti lililoko Bellinzona, Uswisi. Katika kingamwili nyingi walichagua moja. Mwaka 2016 walichapisha matokeo yao, na mwaka 2018 dawa iliyotokana na damu ile ilikuwa inatiririka katika mshipa wa mgonjwa wa Kivu ya Kaskazini. Kikwit, Bethesda, Bellinzona, Beni: miaka 23. Sijui dawa nyingine iliyozunguka hivyo ili itoke kwa Mkongo mmoja imfikie Mkongo mwingine.

Na inafanyaje kazi? Kirusi cha Ebola kina hila. Sehemu yake inayofungulia mlango wa seli, tuseme ufunguo wake, haionekani kikiwa nje, imefunikwa. Seli inakimeza kirusi ndani ya kifuko kidogo, na humo vimeng'enya vya seli yenyewe vinakikata kile kifuniko. Sasa ufunguo uko wazi, unaingia katika kufuli liitwalo NPC1, na kirusi kimeingia nyumbani. Kingamwili nyingi zinazoshika kirusi kikiwa nje hubanduka kifuniko kinapokatwa. Ebanga haibanduki. Inaingia na kirusi hadi ndani ya kifuko, na kifuniko kikishaondoka bado imeushikilia ufunguo, kwa hiyo kufuli halifunguki.

REGN-EB3 ilitoka kwingine kabisa. Ni kingamwili tatu, zilizopatikana kwa panya waliopandikizwa jeni za kinga za binadamu. ZMapp nayo ilikuzwa katika majani ya mmea wa jamii ya tumbaku.

Dozi nyepesi kuliko zote

Kuna mashindano ambayo wanasayansi huwa hawayapi kichwa cha habari, nayo ni ya muuguzi. Remdesivir ilitakiwa kutundikwa kila siku, siku kumi au zaidi. ZMapp mara tatu, kwa kuruka siku. Ebanga na Inmazeb mara moja, basi. Ukikumbuka kwamba kila kuingia kwa mgonjwa ni kuvaa buti, suti ya plastiki, glavu mbili, barakoa na miwani, halafu kutoka umelowa jasho kabla hujamaliza ulichokusudia, utaelewa kwa nini mara moja ni rekodi kubwa.

Mgonjwa wa kilo 50 anahitaji miligramu 2,500 za Ebanga, kwa sababu kipimo ni miligramu 50 kwa kila kilo. Chupa moja ina miligramu 400, kwa hiyo zinafunguliwa chupa saba. Ndani ya kila chupa dawa ni kavu, imeganda chini kama unga ulioshikana. Inaongezwa maji safi ya sindano, na hapo mtu mwenye haraka anaweza kuharibu kazi, maana chupa haitikiswi. Inazungushwa taratibu mkononi, inaachwa itulie, inazungushwa tena, mpaka unga uyeyuke bila kufanya povu. Fanya hivyo mara saba, miwani ikiwa imeshaanza kuingia ukungu. Inmazeb ya mgonjwa huyo huyo ni miligramu 7,500, mara tatu ya ile, na huchukua muda mrefu zaidi kuingia mwilini.

Beni pia ndiko shirika la ALIMA liliweka vyumba vyake vya plastiki angavu viitwavyo CUBE, vyenye mikono na glavu zilizoshonewa ukutani, ili muuguzi aliye nje aweze kumhudumia mgonjwa aliye ndani. Familia ilisimama nje ikamwona mtu wake na kuongea naye. Kabla ya hapo uvumi ulikuwa kwamba ukiingia CTE, yaani kituo cha matibabu ya Ebola, wanakutoa viungo. Uvumi wa namna hiyo unaishi kwenye kuta zisizoonyesha ndani.

Baridi kali kuliko zote

Hapa nitapita haraka, maana chanjo si dawa ya shabaha kama hizo risasi za Ehrlich. Ila rekodi yake haifai kuachwa: chanjo ya Ebola ilihifadhiwa kwenye baridi ya nyuzi 60 hadi 80 chini ya sifuri, katika miji iliyo karibu kabisa na mstari wa ikweta na yenye umeme wa kubahatisha. Ilianza kutolewa Mangina tarehe 8 Agosti 2018, ikiwazungukia waliomgusa mgonjwa na waliowagusa hao. Zaidi ya watu 300,000 walichanjwa. Ebanga inaridhika na friji ya kawaida.

Aliyeshindwa akapata jina

Remdesivir ilikuwa ya mwisho Beni. Haukupita mwaka, COVID-19 ikaja, na tarehe 1 Mei 2020 Marekani ikairuhusu kwa dharura. Dunia nzima ikaijua kwa jina. Sehemu ya ushahidi kwamba haimdhuru mtu sana ilitoka kwa wagonjwa 175 wa Beni, Butembo, Katwa na Mangina. Sikumbuki kusikia mtu yeyote akiishukuru Butembo katika taarifa za habari za mwaka ule.

Asilimia 11

Mimi nikiambiwa nichague namba moja katika haya yote, sichagui ile ya walionusurika. Nachagua hii: katika PALM, kila siku moja mgonjwa aliyokaa na dalili kabla ya kupokelewa iliongeza uwezekano wake wa kufa kwa asilimia 11. Siku moja ya kumsubiri shangazi aje kutoa ruhusa. Siku moja ya kujaribu dawa ya malaria kwanza. Siku moja ya barabara kufungwa kwa sababu ya waasi. Kingamwili inaweza kumpata adui wake kati ya mabilioni ya chembe za mwili, ila haiwezi kumfuata mgonjwa nyumbani Katwa.

Na hata mgonjwa akija mapema, dawa nayo ni lazima iwepo. Mwezi Agosti 2022 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza rasmi dawa zote mbili. Hata hivyo shirika la Médecins Sans Frontières walipopiga hesabu ya milipuko iliyofuata ule mkubwa, walikuta takriban theluthi moja tu ya wagonjwa ndio waliozipata. Shehena kubwa ilikuwa imewekwa katika maghala ya Marekani kwa ajili ya dharura za huko. Damu ilitoka Kikwit na ushahidi ukatoka Beni. Chupa zikalala mbali. Hili silioni kuwa bahati mbaya. Ni uamuzi wa watu, na watu wanaweza kuubadilisha.

Mafichoni

Mwili wa binadamu una vyumba ambavyo kingamwili hazifiki kirahisi: ubongo, jicho, korodani. Virusi vinavijua. Kuna mtu wa Kivu ya Kaskazini aliyechanjwa, akaugua, akatibiwa kwa mAb114, akapona, na miezi sita baadaye ugonjwa ukamrudia. Kutoka kwake ulienea hadi kufikia wagonjwa 91. Februari 2021 Ebola ilirudi Butembo ikawapata watu 12, na chanzo chake kilihusishwa na mlipuko uliopita. Mwaka 2022 watafiti wa Marekani walionyesha kwa nyani waliotibiwa kwa kingamwili kwamba virusi vinaweza kubaki vimejificha katika ubongo.

Tusije tukawaogopa waliopona kwa ajili hiyo. Wao ndio walioajiriwa Beni na Butembo kuwabeba na kuwabembeleza watoto ambao mama zao walikuwa wamelazwa, kazi ambayo mwingine asingeweza kuifanya kwa usalama ule. Wanachohitaji ni kufuatiliwa kliniki kwa miaka.

Mmoja wa milipuko midogo kabisa nao ni wa Beni: Agosti 2022, mgonjwa mmoja, mwanamke, aliyefariki. Ulitangazwa kwisha tarehe 27 Septemba bila mtu wa pili kuthibitika.

Shabaha nyembamba kuliko zote

Ubora wa dawa ya shabaha ndio udhaifu wake. Ebanga na Inmazeb zinaijua Ebola ya aina ya Zaire na hazijui nyingine. Septemba 2022 aina ya Sudan ilipozuka Mubende, Uganda, wagonjwa 142 walithibitika na 55 kati yao wakafa, huku dawa zilizoshinda Beni zikiwa hazina kazi pale.

Ipo aina nyingine iliyo karibu nasi kuliko hiyo. Ilitambuliwa mwaka 2007 katika wilaya ya Bundibugyo, ng'ambo ya mto Semliki, upande wa pili wa mpaka kutoka Beni, na mwaka 2012 ikazuka Kongo, huko Isiro. Wachuuzi wanavuka mpaka ule kila siku ya soko. Hadi ninapoandika haya, virusi vya Bundibugyo havina dawa iliyoidhinishwa.